Kiapo Asichokula Mzee Mukiri

Machi 6, 1978, Jumatatu

Nimefika upande huu wa Kiambere na sanduku moja na taipureta ya serikali. Mkubwa wangu, Bwana Mutugi, anasema tutakaa miezi minne tu. Yeye ana nyumba mtaa wa Majimbo pale Embu na kila Ijumaa atarudi kwa mkewe, ndiyo maana miezi minne anaiona fupi. Mimi kwetu ni Muthara, kule Tigania, na sitafika huko mpaka kazi iishe.

Kazi yenyewe ni kusikiza pingamizi. Ardhi ya huku imeshapimwa na kuandikwa, na sasa kila anayeona ameandikiwa visivyo anakuja na mashahidi wake mbele ya Bwana Mutugi, naye anaamua. Mimi ni karani, ninaandika wanayosema. Wenyeji wanasema Kimbeere, mimi Kimeru, tunakutana kwenye Kiswahili, kila mtu na kibovu chake. Basi hata daftari hili nitaliandika Kiswahili. Jioni sina kazi nyingine.

Nimepanga chumba nyuma ya duka la Duale, Msomali aliyehamia hapa kutoka Maua na lori lake kuukuu. Joto haliniachi nipumue. Vumbi limeingia mpaka kwenye mswaki.

Machi 9

Fomu ya shahidi ina mstari wa dini. Tangu Jumatatu nimeandika "Mkristo" mara thelathini na moja. Kwa kuwa wanapingana wao kwa wao, kama nusu yao wamesema uongo huku mkono uko juu ya Biblia. Sisemi haya kwa ugeni. Baba yangu ni mzee wa kanisa na mimi nilikulia viti vya mbele. Lakini mtu akisikia viapo kumi kwa siku, Jumapili anataka kulala, na mimi ninalala.

Mwenyekiti wa kamati ya ardhi ya hapa ni Mzee Mukiri, mwembamba, koti la kahawia hata kwenye jua hili. Ni wa wale waliookoka, wanaoungamiana makosa yao hadharani kila Alhamisi. Amenisalimia "Bwana asifiwe" na kungoja jibu. Nimemjibu "Habari ya asubuhi." Hakukasirika, na hilo limeniudhi zaidi.

Machi 14

Hakuna mvua. Mashauri matatu, yote ya mbuzi kuliko ya mipaka.

Machi 16

Pingamizi namba arobaini na moja. Bibi mmoja mjane, Igoki, anadai kilima kinachoitwa Kamuru, kilichoandikwa kwa ukoo wa Mzee Mukiri. Juu ya kilima hicho kuna kanisa lao, kuta za udongo na paa la mabati, na kando yake wamechimba msingi wa zahanati. Mzee Mukiri ametoka kwenye kiti cha kamati mara moja, kwa kuwa shauri linagusa ukoo wake.

"Dini?" nilimuuliza bibi.

"Andika hakuna."

"Mashahidi?"

"Wote wamelala chini. Ukitaka nenda uwachimbue uwaulize."

Bwana Mutugi amesema twende tukakione kilima kwanza.

Jioni Duale amenisimulia kisa, akipima sukari. Miaka minane iliyopita koo hizi mbili zilishindana mbele ya wazee mpaka ikaamuliwa kuwa upande wa Mzee Mukiri utakula kiapo cha kimila, wanachokiita muma. Anayekula muma kwa uongo hufa kabla ya misimu saba ya kupanda kwisha. Mkubwa wa ukoo ni Mzee Mukiri, na kiapo kilikuwa chake. Lakini yeye ameokoka, hali muma. Akala binamu yake mdogo, Bundi, ambaye hakuwa na dini. Ukoo ukapewa kilima. Msimu wa tano, Bundi akafa.

"Alikufa na nini?" nikauliza.

"Homa. Lakini ukisema homa hapa utachekwa."

Machi 21

Tumepanda Kamuru. Jua lilikuwa limetukalia utosini. Pale chini, kilima kinapoanza, pana boma dogo, na mama mmoja alitoka na kibuyu cha maji, akakiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kadhaa. Tulikuwa watu kama ishirini na sote tulikuwa na kiu. Hakuna aliyekigusa. Mimi mgeni nikakichukua nikanywa, na nikaona watu wananitazama kama nimekunywa dawa ya kupe. Mzee Mukiri akaja akakipokea mkononi mwangu, akanywa na yeye, akamrudishia mama, akasema asante.

Tukishuka akaniambia ni Marcella, mjane wa Bundi. Tangu Bundi afe hakuna anayekula kwake wala kumwomba moto asubuhi, kwa kuogopa kuwa muma bado uko ndani ya nyumba ile. Hata kanisani hukaa kwenye kizingiti.

"Na wewe huogopi, Mzee?"

"Muma siuogopi," alisema. Akaangalia viatu vyake muda mrefu. Nilidhani ni uchovu.

Machi 24

Ijumaa Kuu. Nimelala.

Machi 29

Mvua! Imeanza saa nane mchana, na Duale amesimama mlangoni pa duka akicheka peke yake. Kila mtu amekimbilia shamba. Kesho hakuna mashauri, hakuna wa kushtaki wala kushtakiwa, wote wanapanda ndengu na mawele.

Aprili 4

Namba arobaini na moja tena. Wazee wa ukoo wa Mzee Mukiri wamesema yao kwa ufupi: muma ulikuliwa, kilima ni chetu. Hakuna aliyegusia kifo cha Bundi. Kisha Bwana Mutugi akamwambia Igoki kwamba bila shahidi atalazimika kuitupa pingamizi yake.

Bibi akasimama. Ni mfupi, na alikuwa amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya manyunyu. Akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya umati.

"Shahidi wangu ni huyo."

Ni Mzee Mukiri.

Watu wakacheka. Bwana Mutugi akamwambia, "Nyanya, huyo ni mtu wa upande ule mwingine."

"Najua. Lakini alikuwa anachunga mbuzi pale akiwa mdogo, na macho alikuwa nayo. Na sasa ameokoka. Hao wakristo wengine siwajui. Huyu nimemwangalia miaka mingi. Mwache aseme."

Mzee Mukiri alisimama. Halafu akasema, "Mimi nimeokoka, Bwana Afisa. Siingii mambo ya viapo."

"Hiki si muma. Hii ni Biblia," akasema Bwana Mutugi.

"Nimesema siingii."

Shauri likaahirishwa kwa sababu mvua ilizidi. Nimerudi chumbani nimeridhika, nakiri. Nilijiambia, hawa wote ni wale wale, wokovu wao ni mwavuli, wanaufungua panapowanyeshea.

Aprili 5

Mvua.

Aprili 6

Mvua. Igoki amepita dukani kununua chumvi. Nimemuuliza kwa nini alimwamini Mzee Mukiri. "Bado namwamini," akasema, akaenda zake na gunia lake kichwani.

Aprili 13

Mto umejaa, Bwana Mutugi amekwama Embu. Nimepiga taipu mpaka vidole vimeuma.

Aprili 21, Ijumaa

Leo nina mengi.

Saa tatu asubuhi Mzee Mukiri aliingia ofisini, matope mpaka magotini. Akaniuliza shauri lao litasikizwa lini. Nikamwambia Alhamisi ijayo. Akauliza kama mtu anaruhusiwa kuwa shahidi dhidi ya ukoo wake. Nikamwambia anaruhusiwa, lakini sijawahi kuona.

Akakaa. Akaanza mwenyewe.

Jana katika ushirika wao wa Alhamisi alisimama akaungama jambo alilolificha miaka minane. Alitegemea wamwimbie wimbo, wamkumbatie, yaishe, kwa maana ndivyo wanavyofanya. Wamemwimbia kweli. Halafu mwinjilisti wao, kijana aliye sawa na mwanawe wa mwisho, akamwambia, "Baba, sisi umetuambia, lakini si sisi uliotukosea. Nenda ukaseme barazani."

Nikamuuliza kama mwinjilisti anajua kanisa limejengwa wapi.

"Anajua. Ndiye aliyechimba msingi wa zahanati kwa mikono yake."

"Na wengine?"

"Mmoja alisema tungoje zahanati iishe kwanza, ni ya watu wote, hata ya Igoki. Tukaomba tena. Hakurudia."

Hakuniambia jambo lenyewe, na mimi sikumdai. Alipokuwa anatoka nilisikia nikisema "Bwana asifiwe." Sijui ilitoka wapi. Akaitika kwa sauti ndogo.

Aprili 24

Nimefikiri siku tatu nzima juu ya huyu mzee. Sheria haina pa kumshika. Hakuapa mwaka ule, na bila yeye Igoki hana kesi. Akinyamaza tu Alhamisi, kilima ni chao, kanisa linabaki, wanawe wanarithi, na rejista itafungwa. Ningekuwa mimi ningenyamaza. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili ni langu.

Aprili 27, Alhamisi

Mvua ilipumzika tangu asubuhi. Watu walijaa mpaka nje ya uzio. Marcella pia alikuja, akakaa peke yake chini ya ukingo wa paa.

Mzee Mukiri aliitwa. Akavua koti, mara ya kwanza ninamwona bila koti, akaweka mkono kwenye Biblia. Nimeandika maneno yake rasmi kwenye fomu. Hapa naandika jinsi alivyosema.

"Mimi nikiwa mtoto, baba yangu alikuwa analima pale Kamuru. Kila mavuno alikuwa anajaza kikapu cha mawele, ananiambia peleka kwa baba mkwe wa huyu Igoki. Nilikuwa nabeba kichwani. Siku moja nikauliza, kwa nini tunapeleka? Baba akasema, kwa sababu shamba ni lao, sisi tumepewa tulime tu. Nilibeba hiyo kikapu miaka minne."

Sauti za ukoo wake zikaanza. Mpwa wake mmoja akasimama akasema kwa Kimbeere maneno ambayo hata mimi niliyaelewa. Bwana Mutugi akagonga meza.

"Ulijua haya wakati wa muma?" akamuuliza.

"Nilijua. Nilikuwa mimi peke yangu. Wazee wote waliojua walikuwa wamekufa."

"Na huyu Bundi?"

Hapo mzee alisema polepole.

"Bundi alizaliwa baba ameshakufa, na kikapu imeshaachwa kupelekwa. Hakuiona. Usiku wa kuamkia kiapo alikuja kwangu. Akaniambia, kaka, wewe ndiye mkubwa, wewe unajua. Nikila hii muma, nitakuwa nimekula ukweli? Na mimi nikamwambia, mimi nimeokoka, siingii mambo ya muma. Akaenda akala, kwa sababu alidhani kama ingekuwa uongo ningemzuia."

Kalamu yangu ilisimama. Ilibidi nijilazimishe kuandika.

"Nilijiona msafi, Bwana Afisa. Nilikuwa nasema, mimi sikuapa. Mikono yangu sikuiweka. Nilimtuma mtu ambaye hakuokoka abebe uongo yangu, ndio wokovu yangu isichafuke. Hata hapa mbele yako nimerudia maneno ile ile. Bundi aliuawa na homa, mimi hiyo muma siamini. Lakini miaka sita watu wanasema alikuwa mwongo, na mimi nilikuwa nasikia nanyamaza. Bundi hakusema uongo. Mwongo ni mimi."

Kisha akageuka, na badala ya kumtazama Igoki akamtazama Marcella. "Shemeji," akasema, "nilikuwa nakunywa maji yako watu wakiona, ili wajue mimi sina hofu. Lakini hii sikuwa nimekuambia. Nisamehe."

Marcella alijifunika uso na leso.

Igoki aliulizwa kama ana la kuongeza. Akasema, "Hapana. Amesema." Lakini alikuwa hamtazami mzee. Alikuwa anamtazama Marcella.

Nimesikia viapo mia mbili tangu Machi, na hiki ndicho cha kwanza nilichokiamini chote. Ninamheshimu huyu mzee kuliko mtu yeyote niliyekutana naye katika kazi ya serikali, na ninaona aibu jinsi nilivyofurahi siku ile alipokwepa.

Mei 3

Uamuzi: kilima cha Kamuru chote ni cha Igoki. Boma la Marcella limebaki nje ya mpaka kwa hatua kumi, afadhali. Mzee Mukiri amejiuzulu uenyekiti kabla ya kuambiwa. Wapwa zake wametoa mbuzi wake kwenye zizi la pamoja na kuwafungia barabarani. Niliwakuta wakila maua ya Duale.

Mei 5

Mwinjilisti alienda kwa Igoki kuuliza kama kanisa linaweza kukaa pale. Bibi akajibu kwamba yeye anataka kupanda mawele. Nimemwona mwinjilisti akirudi. Alikuwa amenyong'onyea kidogo, lakini alisema, "Ni shamba lake."

Mei 13, Jumamosi

Wamelibomoa kanisa lao wenyewe. Sijawahi kuona kitu kama hiki.

Walianza na sala fupi, kisha vijana wakapanda juu na kung'oa mabati moja moja, misumari ikinyooshwa na kuwekwa kwenye kopo. Wanawake wakashusha bati mbili mbili mpaka ng'ambo ya kijito, kwenye shamba la Mzee Mukiri, lile dogo alilobaki nalo, ambalo amegawa nusu kwa kanisa na zahanati. Duale aliposikia alileta lori kwa ajili ya maboriti na madawati. Mwinjilisti akamwambia hawana cha kumpa. Duale akasema yeye hakuuliza, na kwamba nyumba ya Mungu haibebwi kichwani lori likiwepo.

Mvua ilinyesha katikati ya kazi. Hakuna aliyeenda kujikinga, na mahali pa kujikinga palikuwa pamekwisha kubomolewa. Nilikuja kutazama tu, nikajikuta nimeshika upande mmoja wa dirisha na Mzee Mukiri ameshika upande mwingine. Tulivuka kijito maji yakitufika mapajani. Wapwa wawili walikuja jioni, hawakumsalimu, lakini walibeba mimbari. Mwisho walifukia shimo la msingi wa zahanati wakalisawazisha ili bibi apate kulima vizuri.

Mgongo unaniuma. Nimefurahi sana.

Mei 14

Nimeenda kanisani. Paa bado, tulinyeshewa. Marcella alikuja akakaa kizingitini, ijapokuwa hakuna ukuta, kuna miti miwili tu ya mlango. Watu walimsalimu kwa mkono. Lakini chai ilipotoka alikunywa kwenye kikombe alichotoka nacho kwake. Kumbe kusikia kwamba mtu hakuwa mwongo ni jambo moja, na kula kwake ni jambo jingine.

Mei 30

Nimemwandikia baba.

Juni 9

Paa limekwisha. Ndengu zimekauka, watu wanang'oa. Mashauri yamebaki sita.

Julai 13

Shauri la mwisho. Bwana Mutugi amenipa mkono na kusema nimeandika vizuri. Akauliza pia, kama anayeuliza juu ya hali ya hewa, ibada huanza saa ngapi kwenye kanisa lile kubwa la Embu.

Julai 14, Ijumaa

Naandika nikiwa juu ya sanduku langu, nikingoja lori.

Leo niliamka mapema kuwaaga watu. Nilianzia kwa Igoki, Kamuru, kwa kuwa ni juu. Mawele yake yameanza kuinama, na pale lilipokuwa kanisa yamekuwa marefu kuliko kwingine. Alinikaribisha jikoni, akanipa uji, akanitania kwamba nimekuja mwembamba na ninarudi mwembamba. Tukaagana. Kisha nikateremka kwa Mzee Mukiri.

Nilimkuta uani akirekebisha mzinga. Kutoka pale boma la Marcella linaonekana vizuri, hata sauti inafika. Tulikuwa tunaongea juu ya Muthara na baba yangu ndipo mzee akainua uso akatazama kilimani.

Igoki alikuwa anateremka kilima, kigae cha chungu mkononi, cha kuchukulia moto. Alipita boma la kwanza na la pili, ambayo yote yalikuwa yanafuka moshi. Akasimama mlangoni kwa Marcella.

"Marcella. Nipe moto, wangu umezimika."

Marcella alitoka akasimama. "Cucu," akasema, yaani nyanya, "unataka wa kwangu?"

"Kwani hiyo naona si moshi?"

Marcella aliingia ndani akakaa sana. Alipotoka alikuwa amebeba makaa kwenye kipande cha bati, akaja upesi mpaka kaa moja likaanguka kwenye umande. Igoki akainama na kuliokota kwa vidole, akalitia kwenye kigae pamoja na mengine. Majirani wawili walikuwa wametoka kuangalia. Bibi aliwapita polepole, kigae kikiwa mbele ya kifua, kila mtu akione.

Mzee Mukiri alivua kofia. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Mimi sikumwambia kitu. Nilikuwa nimetoka jikoni kwa Igoki muda mfupi tu, na moto wake ulikuwa unawaka vizuri chini ya sufuria ya uji.